Nyanya Zilizoiva Bila Mama Nailoni

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mkulima aliyefariki mwezi uliopita akiwa kazini. Majirani walimwita Mama Nailoni. Alilima nyanya mlimani, mahali ambapo wenzake wanalima viazi na kabichi, na wana sababu. Huko juu msimu wa joto ni mfupi. Nyanya huchelewa kuiva, baridi ikirudi huzikuta mbichi na kuziua.

Mama Nailoni hakukubali. Miche aliiotesha jikoni, kwenye makopo kando ya mafiga, ili ianze mapema. Ilipopata nguvu aliihamishia kwenye kibanda cha miti alichokifunika kwa nailoni. Mumewe, dereva mstaafu, alilalamika kwamba nyanya zimepewa jiko, yeye kaachiwa baraza. Mkewe akamjibu, "Wewe hata ukikaa jikoni huivi."

Misimu miwili ya kwanza baridi ilimshinda. Mwaka huu mvua zilichelewa, na miche ikachelewa nayo. Baridi iliporudi, nyanya zilikuwa zimejaa, lakini za kijani. Mstari wa karibu na mlango ukanyauka, majani yakawa meusi. Akaamua kuweka jiko la mkaa ndani ya kibanda. Akamwomba mumewe achukue sindano ya magunia, ashone kila upenyo.

Binti yao anakumbuka kwamba baba aliuliza hewa itapita wapi. Mama alicheka. "Nyanya hazikohoi, mzee wangu."

Hapa tusikilize kwa makini. Mama huyu alijua hatari ya mkaa. Ndiye aliyewagombeza majirani waliolala na jiko chumbani. Lakini kibanda hakukihesabu kuwa chumba. Kilipitisha mwanga, kilitikisika kwa upepo. Machoni pake kilikuwa shamba. Jioni hiyo aliingia kuchochea mkaa, akafunga mlango joto lisitoke, akaketi kidogo. Mumewe alidhani amepitia kwa jirani. Alipokwenda kumtazama, alimkuta ameegemea nguzo, amekwisha kukata roho. Mkaa ulikuwa bado unawaka.

Hewa ya mkaa ndiyo iliyomuua. Haina rangi, haina harufu. Narudia: haina rangi, haina harufu.

Nyanya zilipona. Ziliiva wiki ile ile ya mazishi, karibu zote. Tulipomtembelea mumewe, meza ilikuwa imejaa nyanya, na nyingine zilikwisha kulainika. Hatukumuuliza kitu. Alisema mwenyewe, "Mimi ndiye niliyeshona. Nazichuma, nazipanga hapa. Zikioza nazitoa, napanga nyingine. Kuzila siwezi, kuziacha shambani siwezi."

Kwako mzee, kwa binti yako na ndugu wote, poleni sana. Na wewe unayetusikiliza ukiwa karibu na jiko la mkaa, tazama juu yako. Kama kuna bati, turubai au nailoni, hapo ulipo ni chumbani. Inuka, ufungue mlango.