Mwalimu Bado na Mizunguko Minne ya Polepole

Ndugu waombolezaji, mama yetu mpendwa alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Machi 1969, saa kumi na moja alfajiri, akiwa kifungua mimba wa fundi cherehani na muuguzi, na bibi alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alianza kurusha mateke kabla hajakatwa kitovu, wala hakutulia tena.

Alianza shule ya msingi mwaka 1976, akamaliza sekondari mwaka 1987, na akiwa chuo cha ualimu wa michezo, tarehe 4 Agosti 1990, alishinda mchujo wa asubuhi wa kuogelea mita mia mbili, wenzake wakamtoa majini juujuu, wakampiga picha, akakaa kwenye benchi akipokea pongezi huku misuli ikimkaza, na jioni, kwenye fainali, akawa wa mwisho.

Alipoajiriwa kufundisha kuogelea kwenye bwawa la manispaa mwaka 1992, aliweka sheria iliyompa jina la Mwalimu Bado: ukimaliza kushindana, umeshinda au umeshindwa, unaogelea mizunguko minne polepole mpaka pumzi irudi, ndipo unywe maziwa, ule, ukalale, na kabla ya hapo mtu asikuambie lolote, la heri wala la shari. Mzazi mmoja alisema huyu mwalimu ana moyo wa jiwe, naye akamjibu kuwa misuli haijui furaha wala kilio. Maji ya barafu ya kutuliza misuli aliyajaribu msimu mmoja tu, akayaacha, maana vijana walikuwa wakiiba barafu na kuitia kwenye juisi.

Alifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1995 na baba yetu, fundi wa pampu za bwawa hilo hilo, aliyemposa akiwa amechuchumaa ukingoni, akajibiwa bado, akangoja mizunguko yote minne, suruali imelowa magotini. Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu na mimi ninayewasomea.

Aliugua moyo kuanzia Juni mwaka jana, na wodini muuguzi alipokuwa bado anamwambia, mama, lala, yeye alikuwa ameshafika mwisho wa korido, ameshika ukuta. Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025, saa tisa na dakika ishirini alasiri, nami nilikuwa kwenye mchujo wa kuogelea alioniamuru niende. Baba alifika nilipogusa ukuta, akasimama na taulo, huku akijua, akaniacha nimalize mizunguko minne, ndipo akaniambia. Nilimuuliza aliwezaje, akasema mama yako angenifukuza, na usiku ule sikuweza kumtazama usoni.

Fainali ilikuwa kesho yake, na shangazi aliuliza, tena kwa haki, mtoto wa marehemu ataingiaje majini na mama hajazikwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani mliotupikia na kulala nasi, na walimu wenzake mliofunga bwawa leo.

Shangazi, nilikwenda. Jumamosi asubuhi niliogelea fainali, nikawa wa tano, nikageuka kuanza ile mizunguko, na ukingo mzima ukanyamaza, hata walionishinda, mzunguko wa kwanza miguu ikiwa mizito kama magogo, na kwenye wa nne, pumzi iliporudi, ndipo nikalia. Baba alikuwa palepale na taulo, nikatoka, nikamkumbatia nikiwa nimelowa.

Pumzika polepole, mama, hatukusemeshi mpaka umalize.