Wasifu wa Tadeo Haule, Fundi Aliyekataa Kuchanganya Waya

Ndugu waombolezaji, tunayemzika leo ni Tadeo Haule, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Kasto na mama Yustina, waliotoka Songea kuja kukata mkonge na hatimaye wakatulia Maramba. Alizaliwa hapo tarehe 3 Mei 1969.

Alisoma shule ya msingi Maramba, kisha akajifunza ufundi wa simu mjini Tanga na kuhitimu mwaka 1990. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alichowazidi wenzake ni ubishi.

Kazi yake ilikuwa kufunga swichibodi na simu za maofisini, kwa leseni halali. Hakufunga chombo kisicho na alama ya kuidhinishwa, wala hakupitisha waya wa simu kwenye bomba moja na waya wa umeme. Vishoka, yaani mafundi wasio na leseni, aliwadharau waziwazi, na matajiri wanaowaita aliwadharau zaidi. Mjini wakambandika jina la Bwana Kibali, wakimcheka. Naye aliwacheka, tena kwa sauti kubwa kuliko yao.

Tarehe 14 Septemba 1996 alifunga ndoa na Leticia. Jioni, ukumbini Mabawa, akaona waya za spika zimechubuka na kufungwa kwa mfuko wa plastiki. Akamwacha bibi harusi kitini, akaenda kuzima swichi. Dada yake Benedikta akamfuata mbio.

"Kaka, leo unaoa au unakagua?"

"Kuoa nimeshaoa asubuhi. Sasa nakagua."

Pilau ikaliwa bila muziki. Leticia alimnunia hadi Jumatatu.

Mwaka 2023 aliitwa na hoteli moja ya Raskazone, ambayo jina lake halistahili kutajwa mbele ya jeneza hili. Meneja, bwana Godlisten, alitaka simu za vyumbani zipite kwenye mabomba ya umeme yaliyomo, ili asitoboe ukuta wake mzuri. Tadeo akakataa. Meneja akamwambia, "Mzee, hii ni simu tu. Simu haiui mtu." Akawaita vishoka. Hao wakafanya kila walichoambiwa, na waya wa ethi, unaotakiwa kuzama ardhini, wakauchomeka kwenye chungu cha maua pale mapokezi. Meneja alipoulizwa akajibu kwa kujiamini, "Kwani ule si udongo?" Mtu mwenye akili hizo ndiye aliyekabidhiwa roho za wageni.

Machi mwaka huu wa 2025, simu ya mapokezi ilianza kumpiga shoti Queen, binti anayeipokea. Meneja alimwambia avae kandambili. Queen mwenyewe ndiye aliyempigia Tadeo, naye akaenda kwa ajili yake. Alhamisi tarehe 6 alizima swichi kuu, akapima, akaona waya hazina moto. Akamwambia meneja kwa mdomo wake asiiguse swichi ile. Mgeni mmoja akalalamika kwamba feni haizunguki. Meneja akawasha.

Mkono wa kulia wa Tadeo, uliokuwa umeshika waya, uliungua, kisha figo zikagoma. Alifariki hospitalini tarehe 19 Machi, Leticia akiwa kando yake.

Meneja alikuja msibani Mabawa na ubani mnono. Akajitolea kulipia jeneza na magari, mradi wasifu huu useme marehemu "aliugua kwa muda mfupi". Baadhi ya ndugu, tunawaona hapa wameinamisha vichwa, walimwitikia haraka. Meneja akamgeukia mjane kwa upole wa kujifanya: "Pole mama. Kazi ya Mungu haina makosa."

Leticia akamrudishia bahasha yake mkononi. "Ni kweli, meneja. Kazi ya Mungu haina makosa. Hii ilikuwa kazi yako."

Kwa hiyo isomeke wazi kaburini: Tadeo hakuugua. Aliuawa na umeme ndani ya waya wa simu, na aliyeuwasha tunamjua.

Ameacha mjane, Leticia, watoto wawili, Lea na Innocent, dada, Benedikta, na wajukuu watatu. Waya zile bado zimo ndani ya bomba lile, na asubuhi hii Queen amepokea simu kama kawaida.

Mungu ampumzishe Tadeo kwa amani. Sisi, bado.