Mama Vipimo Anastaafu, Maabara Inageuzwa Hoteli

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mpimaji mkuu wa maabara ya kiwanda chetu cha rangi, ambaye sote tunamwita Mama Vipimo, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Siku hiyo hiyo jengo la maabara linakabidhiwa kwa mwekezaji wa hoteli. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike kwa furaha. Nitajitahidi, nikishindwa asinilaumu.

Aliingia hapa akiwa msichana wa kuosha chupa. Akasoma jioni huku akilea, akapanda cheo baada ya cheo mpaka funguo za maabara zikawa zake. Ni mkali kama pilipili. Mkurugenzi mmoja alifika mlangoni amevaa ndala. Mama akamrudisha nyumbani akabadilishe, na mkubwa akaenda kimya kimya. Mwenzetu aliyeficha kikombe cha chai ndani ya tanuri la kukaushia sampuli alikikuta mezani kwake kimebandikwa alama ya sumu. Na ile rangi ya madarasa isiyo na madini ya risasi, ambayo uongozi hujisifia kila mwaka, ni jasho lake.

Sasa nije kwenye hoteli. Hatuikatai. Jengo ni la kale, paa linavuja, na kuta zile za matofali mekundu zinastahili kutunzwa kuliko kuachiwa popo. Kilichotuchoma ni namna mambo yalivyofanywa. Sisi tunaoshinda humo ndani tulipata habari kwa mbunifu wa hoteli aliyekuja kupima madirisha. Alitufungulia michoro akitabasamu: chumba cha mizani kitakuwa mapokezi, chumba cha tindikali kitakuwa baa. Na baa itaitwa Tindikali.

Ndicho chumba ambamo, miaka mingi iliyopita, bomba lilipasuka, likammwagia tindikali fundi wetu wa mabomba. Mama Vipimo ndiye aliyemkokota mpaka kwenye maji. Makovu anayo mikononi hadi leo. Fundi alifia hospitalini. Uongozi wa wakati ule ukasema ni uzembe wake, ilhali bomba hilo hilo alikuwa akililalamikia kila mara libadilishwe, wasimsikie.

Mama alikwenda kwenye kikao cha hoteli bila kualikwa. Meneja wa hoteli akampokea kwa maneno matamu, akamwambia hata yeye amefikiriwa: siku ya ufunguzi atasimama mapokezi na koti lake jeupe, wageni wapige naye picha. Mtu mzima, mstaafu, awekwe pale kama chungu cha maua! Mama hakupandisha sauti.

"Na mjane wa fundi mtamweka wapi?" aliuliza. "Nyuma ya kaunta, awamiminie wageni?"

Baadaye tukaarifiwa kwamba baa imefutwa, chumba kitakuwa stoo ya mashuka. Wao wanaita maridhiano. Mimi naona ni aibu iliyofunikwa shuka, maana hadi naandika haya hakuna aliyekwenda kumwomba mjane radhi.

Aliyekwenda ni Mama Vipimo. Jumatatu iliyopita, kabla vigae vya chumba kile havijang'olewa, alimleta. Miaka yote hiyo mjane hakuwahi kuruhusiwa kupita geti. Fundi wa ujenzi alipowaona alizima mashine yake bila kuambiwa, akavua kofia. Mjane aliuliza mumewe alikuwa amesimama wapi. Mama akamwonyesha, wakakaa hapo wameshikana mikono.

"Ahsante, mdogo wangu," mjane alisema mwishowe. "Sasa napajua."

Mama Vipimo, ahsante kwa kutufunza kazi na kutufunza utu. Nenda kwa wajukuu, wakuchoshe kwa raha. Lala mpaka jua liingie dirishani. Mungu akupe afya na siku nyingi za amani. Ila hasira usiende nayo nyumbani. Tuachie sisi, bado tuna kazi nayo.