Kimbunga na Paa la Mama Mkwe

Asubuhi hiyo Fundi Paa alifika kijiweni roho mkononi. Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi, na anayemimina kahawa ni Shangazi, ambaye hana mpwa hata mmoja pale lakini wote humwamkia. Jana yake Fundi alikuwa ameiezua nyumba ya mama mkwe wake, akapanga mabati mapya uani na kuahidi kuyapigilia kesho. Kesho ndiyo hiyo sasa, na simu zote za mtaa zinasema kimbunga kinakuja.

— Jamani, ni kweli? akauliza kabla hajakaa.

— Kweli tupu, akajibu Antena, fundi redio, akiwa mezani kwake kando ya benchi. Lisemwalo lipo, kama halipo linakuja. Nimetumiwa ujumbe wa sauti, mtu analia kabisa!

— Nani huyo?

— Simjui. Lakini analia kwa uhakika.

Kinyozi akatoka na simu yake.

— Tazameni video hii. Ng'ombe anapaa!

— Hilo ni pazia, akasema Shangazi.

— Pazia lenye pembe?

— Zimeni simu, Antena akaonya. Kimbunga hufuata mawasiliano. Ukizima, hakikuoni.

— Hata kikiona, hakifiki, akasema Kinyozi. Wataalamu wenyewe wanasema kina jicho moja. Barabara yetu kona tupu, kitapitaje?

— Kiacheni kije, Shangazi akaamua. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Shangazi, mgeni gani anaondoka na nyumba? akauliza Kinyozi.

Fundi hakucheka. Akipanda sasa upepo ukamkuta juu, bati litageuka panga. Akingoja mvua ikanyesha, jina lake ukweni litalowa pamoja na godoro. Alikuwa bado anapima hayo alipomwona mama mkwe mwenyewe akivuka barabara. Akasimama, kikombe akakificha nyuma.

— Shikamoo mama.

— Marahaba baba. Nimelala nikitazamana na nyota. Kuna nini?

Wakamweleza wote kwa pamoja: kilio, ng'ombe, jicho, kona. Akawasikiliza mpaka wakaishiwa pumzi.

— Na idara ya hali ya hewa wamesemaje?

Kinyozi akapuliza nywele ambazo hazikuwapo kwenye mashine yake ya kunyolea.

— Baba Antena, redio yangu je?

— Bado spika, mama.

— Na hizo nyingine?

Redio zote mezani zilikuwa zimelala matumbo wazi. Antena akafuta moja kwa kiganja.

Aibu ikampanda Fundi mpaka masikioni.

— Kinyozi, achana na ng'ombe. Fungua ukurasa wa idara yenyewe. Angalia na tarehe.

Kinyozi akatafuta, akasoma polepole:

— Ya leo, asubuhi hii. Kimbunga kiko mbali baharini, hakitarajiwi kufika nchi kavu. Mvua kubwa na upepo mkali kuanzia usiku. Taarifa nyingine itatolewa jioni.

— Ng'ombe hakutajwa? Shangazi akauliza.

— Usiku, akasema mama mkwe. Basi mchana ni wenu.

Wenu! Antena akatazama huku na huku kuona wengine ni akina nani, lakini alikuwa ameshashikwa mkono. Adhuhuri Fundi alikuwa juu ya kenchi za paa, Kinyozi anapandisha mabati, Antena kashika ngazi.

— Lakini mimi nasikia huo upepo... Antena akaanza.

— Leta misumari!

Jioni wakaisoma taarifa mpya, haikuwa imebadilika. Usiku upepo ukaja kweli na mvua yake; paa likapiga kelele ila halikuinuka. Fundi aliyajua hayo vizuri, kwa kuwa alilazwa sebuleni humo humo, juu ya mkeka. Mama mkwe alisema likivuja, limvujie aliyeliezeka.