Mapipa Mawili, Lori Moja

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Usafi na Mazingira, mwenzetu ambaye mji mzima unamjua kwa jina la Mama Mapipa atarudisha funguo za kabati lake na kutoka kwa mlango wa mbele akiwa mstaafu. Wahariri wa jarida letu la wafanyakazi wameniomba niandike mimi, kwa kuwa meza yangu na yake zimetazamana kwa muda mrefu kuliko ndoa nyingi za humu ofisini. Wameomba pia habari iwe ya kuchangamsha. Nitachangamsha pale nitakapoweza.

Alikuja kwetu akiwa binti mwembamba, anavaa raba, anatembea kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Alipewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo na majalala. Vyoo alikagua, lakini macho yake yalikuwa yanakimbilia jikoni. Aliamini kwamba taka huzaliwa pale pale mtu anapopika, anapofua na anapotoka dukani, na kwamba ukisubiri hadi zifike barabarani umeshachelewa. Kwa hiyo alifundisha mambo madogo, ya kila siku. Chukua kikapu chako usije ukaletewa mfuko. Maji uliyooshea mboga yamwagie mimea, hayana kosa. Maharage yaloweke yapate kuiva upesi. Nguo ikichanika, shona kwanza, lalamika baadaye. Alikuwa na mazoea ya kufunika sufuria za watu asiowajua. "Mama, funika," angemwambia mwenye nyumba, "unawapikia mawingu?" Na mwenye nyumba, badala ya kukasirika, angecheka na kumpa kiti.

Mikoba ya wanawake wengine ina vioo na marashi. Wake ulikuwa na mipira midogo ya kuzibia bomba na spana ndogo. Siku ya harusi ya binamu yake watu walijipanga kupiga picha, yeye haonekani. Walimkuta uani, amepiga magoti na gauni lake la sherehe, anakaza bomba lililokuwa likidondoka tangu asubuhi. Picha ile ilipigwa hivyo hivyo, magoti yake yakiwa na matope, na bibi harusi ameshika spana.

Humu ofisini alikuwa balaa la taa. Ilikuwa ukitoka kidogo, ukirudi unakuta giza. Mhasibu wetu hatasahau siku aliyozimiwa taa akiwa bado ameinamia hesabu zake.

"Mama, nipo humu!" alipiga kelele.

"Najua upo," alijibiwa kutoka kwenye korido. "Na jua nalo lipo. Fungua pazia."

Kazi kubwa ya maisha yake, na asili ya jina lake, ni Mtaa wa Bondeni. Ni yeye aliyeishawishi idara kuipa kila nyumba ya mtaa ule mapipa mawili. La kijani la maganda na mabaki ya chakula, la buluu la chupa, makopo na karatasi. Mpango ulikuwa kwamba malori mawili yatapita. Moja lipeleke maganda kwenye uwanja wa kutengenezea mbolea, jingine lipeleke vitu vikavu kwa wanaoviyeyusha na kuvitumia upya. Kwenye karatasi ilikuwa rahisi. Uani ilikuwa vita. Kuna wazee walioapa kwamba hawatapanga takataka kama wanavyopanga vyombo. Kuna mama aliyeligeuza pipa la buluu kuwa tangi la maji na akakataa katakata kulirudisha. Mama Mapipa hakugombana na mtu. Alikaa kwenye vigoda vyao, akamenya nao viazi, na kila ganda lilipoanguka akauliza tu, kwa upole, "Hili linakwenda wapi?"

Ilichukua miaka, lakini mtaa ulishika. Watoto waligeuka kuwa askari wa baba zao. Nyumba kwa nyumba mapipa yalitoka asubuhi yakiwa safi, vifuniko vimefungwa, yamejipanga mawili mawili kama wanafunzi mstarini. Halmashauri ikawapa Bondeni kombe la usafi. Picha ya siku ile bado iko ukutani kwenye korido, karibu na chumba cha mikutano. Yeye hakushika kombe. Yuko pembeni kabisa, amefumba macho kwa kucheka.

Mwanafunzi wake wa kwanza na mtiifu kuliko wote alikuwa mdogo wake wa kike. Wengi wetu tulimfahamu. Alikuwa anapita hapa ofisini mara kwa mara, anaingia na kucheka kwanza ndipo salamu zifuate, halafu anaketi dirishani kupumua, kwa sababu alikuwa na pumu na ngazi zetu zilimchosha. Aliishi na mumewe na binti zao wawili kando ya dampo la mji, kwa kuwa huko ndiko walikopata nyumba. Hakuwa mkazi wa Bondeni, lakini alinunua mapipa yake mwenyewe, akayapaka rangi zile zile, akawa anatenganisha. Alisema hawezi kumwaibisha dada yake.

Ni yeye aliyeleta habari. Siku hiyo hakucheka alipoingia. Alisubiri hadi pumzi ikae sawa, akasema, "Dada, lile lori la Bondeni linamwaga pale kwetu."

"La mapipa ya kijani au ya buluu?"

"Dada, ni lori moja. Linamwaga vyote pamoja."

Mama Mapipa alimwambia ameona vibaya. Mdogo wake akamtazama tu, na sidhani kama nimewahi kuona mtu akimhurumia mwenzake namna ile.

Kesho yake Mama Mapipa alikwenda Bondeni asubuhi, akapanda lori, akakaa kiti cha mbele karibu na dereva. Aliona mapipa ya kijani yakimiminwa. Aliona ya buluu yakimiminwa juu yake. Dereva, ambaye ni mtu mwema na bado tuko naye, alizima injini.

"Mama, mimi nilidhani unajua."

"Tangu lini?"

"Lori la pili liliharibika mwaka ule ule wa kwanza. Nikaambiwa nipakie vyote hadi litakapotengenezwa. Halijatengenezwa. Nifanyeje, Mama? Nina lori moja."

Alikwenda naye hadi dampo. Alisimama pale akaangalia maganda yaliyomenywa vizuri, chupa zilizosuuzwa na kukaushwa, karatasi zilizofungwa kwa kamba na mikono ya watu anaowajua, yote yakiteleza pamoja kwenye shimo. Dereva alinisimulia kwamba Mama Mapipa alizitambua kamba. Alisema, "Hii ya mama wa nyumba ya kona," kisha akageuka akapanda lori warudi mjini.

Mkuu wa idara wa wakati ule alimsikiliza kwa adabu. Alieleza kwamba suala la lori linashughulikiwa. Akashauri wananchi wasisumbuliwe kwa habari hiyo. "Waache waendelee kutenganisha," alisema. "Ni tabia nzuri. Siku lori likipatikana, watakuwa tayari."

"Bosi," alijibu Mama Mapipa, "hawa watu wananiamini mimi. Hawalijui hilo lori lako."

Aliitisha mkutano wa mtaa siku ya Jumamosi, kwenye ukumbi wa shule. Nilikwenda naye kwa sababu aliniomba nimshikie mkoba. Alisimama mbele yao akawaambia yote, kwa maneno machache, bila kumtaja mkuu wala dereva. Akasema kazi yao ilikuwa nzuri na imetupwa. Akasema hajui lini itaacha kutupwa.

Nilitegemea kelele. Laiti wangepiga kelele. Badala yake bibi mmoja mfua nguo, ambaye alikuwa anaongoza mtaa mzima kwa unadhifu, akanyanyuka kwa shida.

"Kwa hiyo miaka yote ile," aliuliza, "nilikuwa naosha makopo ili yakachafuliwe?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikuwa hujui?"

"Sikujua."

Bibi yule akaitikia kwa kichwa. "Nakuamini," akasema. "Ila usije tena nyumbani kwangu kunifundisha kitu." Hakusema kwa hasira. Alichukua fimbo yake akatoka, na watu wakamfuata mmoja mmoja, wengine wakimpa Mama Mapipa mkono wa pole kama kwenye msiba.

Wiki iliyofuata mapipa ya buluu yalianza kuonekana kwenye matumizi mengine. Moja lilikuwa banda la kuku. Jingine lilishika mlango usifungwe na upepo. Mama Mapipa alijaribu kuanza upya bila kumtegemea dereva wala lori: mashimo ya mbolea uani, bustani ndogo ya pamoja kwenye kiwanja cha wazi. Wachache walikuja. Mbolea ya kwanza ilitoka nyeusi, laini, inanukia mvua. Kisha kiwanja kikachukuliwa kuwa maegesho ya magari, na bustani ikafunikwa kwa kokoto siku moja tu, mchicha ukiwa bado haujachumwa.

Halafu dampo likashika moto. Wataalamu wanajua kwa nini, naye aliwahi kutuonya mara nyingi: maganda yakioza chini ya plastiki na karatasi, joto hupanda, na moto unaweza kuanza ndani kwa ndani bila mtu kuwasha. Haukuwa moto wa kuzima kwa ndoo. Ulikwenda chini chini, ukatoa moshi wa kijivu uliolala juu ya nyumba za kule usiondoke. Shemeji yake alitafuta nyumba nyingine kila mahali. Mama Mapipa alimsihi mdogo wake ahamie kwake kwanza, wabanane, lakini nyumba ya mtumishi aliyopewa na idara ni chumba kimoja, na mdogo wake hakutaka kuwaacha mume na watoto moshini yeye akapumue peke yake.

Alifariki hospitalini, akiwa ameshikwa mkono na dada yake. Hatukuambiwa maneno yake ya mwisho. Nadhani hakuwa na pumzi ya maneno.

Mama Mapipa alirudi kazini baada ya msiba. Siku ile chumba cha mikutano kilikuwa kitupu na taa zote zinawaka, mchana kweupe. Sote tulimwona akipita pale mlangoni. Alitazama ndani, akaendelea na safari yake. Mhasibu aliinuka akaenda kuzizima mwenyewe, akarudi akiwa amefuta macho.

Aliendelea kufanya kazi, msinielewe vibaya. Hakuchelewa, hakukosa, hakumkaripia mtu. Katika kila kikao, ajenda zikifika mwisho na mwenyekiti akiuliza kama kuna mengineyo, alinyoosha mkono na kuuliza habari za lori la pili. Wakuu walibadilika, jibu halikubadilika. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajichosha. Akaniambia, "Mdogo wangu angeuliza." Siku nyingine akaniambia kitu ambacho sijui kama kinafaa kuwekwa kwenye jarida, lakini nakiweka: kwamba alitumia maisha yake kuwaambia wanawake wafunike sufuria, na haamini tena kwamba ilisaidia chochote.

Nilitaka kumpinga. Nilitafuta cha kumwonyesha. Kuna shule moja ambayo bado inakinga maji ya mvua kwa mapipa aliyowatafutia. Kuna nyumba kadhaa ambazo bomba zake hazidondoki. Nilipomtajia hayo alitabasamu kwa heshima, kama unavyomtabasamia mtoto anayekuletea ua wakati umefiwa.

Watu wameuliza anakwenda wapi, kwani nyumba ya mtumishi inarudishwa pamoja na funguo za kabati. Jibu ni kwamba anahamia kando ya dampo. Shemeji yake hakupata nyumba nyingine. Moshi bado huja, yule binti mkubwa ameanza kukohoa usiku, na baba yao anafanya kazi za zamu. Wasichana wamemwomba mama yao mkubwa aje. Wenye uwezo wote wanahama kule. Yeye amefunga mizigo yake anaelekea huko huko.

Juzi nilimsaidia kufunga sanduku la vyombo. Nikamuuliza kama ataanza tena, huko, na majirani wapya.

"Kuwafundisha?" aliuliza. "Hapana. Nitawapikia wale watoto, nitawasuka nywele, nitawasikiliza wakisoma. Moshi ukija nitalowesha vitambaa nizibe madirisha."

"Na moshi usipoondoka?"

"Nitalowesha tena."

Mama Mapipa, idara hii inakushukuru. Inakushukuru kwa miguu yako iliyoujua kila uchochoro wa mji huu, kwa mipira ya bomba uliyonunua mwenyewe, kwa kusimama mbele ya Bondeni na kusema kweli wakati wengine tulikuwa tumeshauriwa kunyamaza. Tungependa kukuaga kwa kukuonyesha lori la pili likiwa limeegeshwa pale nje. Halipo.

Nilikuwa nimeandika kwamba tunakutakia upepo uupeleke moshi ule upande wa pili. Nikafuta, kwa sababu upande wa pili nako wanaishi watu, na wewe ungesema hivyo kabla sijamaliza sentensi. Basi tunakutakia lile tunaloweza kulitaka bila kumdhuru mtu: uishi, mama, uishi sana, na wale mabinti wawili wakulie mikononi mwako.