Meno Manane

Basi lilipoondoka, mzee fundi cherehani alijifanya amelala, maana usingizi wa uongo una masikio. Kiti cha mbele yake, mama mmoja alikuwa akibishana na yaya wake. Mtoto, begani kwa yaya, alimkodolea mzee macho.

"Boga lake lisagwe, dada. Liwe kama uji."

"Mama, huyu ana meno manane. Anamtunzia nani?"

"Atapaliwa."

"Atapaliwa na njaa. Jana alinitemea usoni. Ukinisagisha boga tena, nasaga lami mpaka kwetu."

Mama akanywea. Kesho anarudi kazini, na yaya haokotwi njiani. "Basi viazi," akasema. "Lakini visagwe."

Basi likasimama. Mzee akaitafuta tiketi aliyokuwa ameishika juu ya mgongo wa kiti cha mbele. Mtoto alikuwa anamalizia nusu yake ya pili, bila kupaliwa.