Nyumba Zilizorukwa: Maisha ya Dkt. Fransiska Tluway (1957–2005)

Wapendwa waombolezaji, tunayemzika leo ni Dkt. Fransiska Tluway, mtoto wa tatu wa Mzee Tluway Akonaay na Mama Doris. Alizaliwa hapa hapa Tumati, wilayani Mbulu, tarehe 12 Machi 1957.

Alisoma shule ya msingi Tumati na sekondari Moshi, kisha akasomea takwimu Dar es Salaam na kuhitimu mwaka 1980. Aliposahihishwa alishukuru. Alipoona kosa la mwingine hakulinyamazia, na kwa tabia hiyo marafiki zake walikuwa wachache.

Tarehe 5 Desemba 1981 alifunga ndoa na Mwalimu Evarist Hermani kanisani Mbulu mjini.

Mwaka 1995, biashara ilipokuwa imeachiwa huru na miradi ya wafadhili ikimiminika, mradi mmoja ulimwajiri kusimamia utafiti wa vifo vya watoto wachanga Mbulu na Hanang. Matokeo ya kwanza yalipendeza: katika vijiji vya Mbulu vifo vilikuwa karibu hakuna. Wakubwa walifurahi. Fransiska alipanda gari akaenda kuona mwenyewe, akiongozana na mdodosaji mmoja, Yonas.

"Nyumba ile umeandika nini?"

"Hakuna mtu, mama."

"Na moshi ule? Ng'ombe ndio wanapika?"

Yonas aliinamisha kichwa. "Mama, pale wamefiwa na mtoto. Nyumba imetengwa. Wewe ni wa huku huku. Ungeingia?"

Kwa desturi yetu, nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga ilikaa peke yake kwa miezi. Jirani hakuingia, wala wenye msiba hawakuchota maji pamoja na wengine. Basi wadodosaji, vijana waliolelewa vizuri, walizipita nyumba zile zile walizotumwa kuziuliza. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Ni heshima iliyovificha vifo.

Aliomba utafiti urudiwe. Mkuu wa mradi alimwambia, "Ripoti inasubiriwa, dada. Ukweli wako tutauweka awamu ya pili." Fransiska alikataa jina lake liwemo kwenye ripoti ile, na mkataba wake ukakatishwa. Zahanati iliyoombwa na vijiji vile haikujengwa, kwa kuwa kwa takwimu zile haikuhitajika. Watoto waliendelea kuzikwa.

Alirudi kulima vitunguu swaumu. Wapo waliosimama hapa leo waliomcheka njiani: "Msomi gani huyu, ameshindwa kula na wenzake?" Wajitafakari.

Hakuacha swali lake. Katika shahada ya uzamivu aliyoipata mwaka 2001 alilinganisha hesabu za wagonjwa, mifugo, mvua na wanafunzi, akakuta ugonjwa mmoja katika fani zote: nafasi tupu hujazwa, ama kwa hofu ya mkubwa, ama kwa kumwonea haya jirani. Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002 alifundisha watumishi Babati. "Andikeni 'sijui'," aliwaambia. "Kutojua si dhambi. Kujaza ndiyo dhambi."

Mwaka 2004 aligundulika kuwa na kansa, akatibiwa hospitali ya Haydom. Siku moja muuguzi alimuuliza kiasi cha maumivu, akajibu, "Kidogo tu." Mumewe akamwambia, "Mama Judica, hata wewe unapika takwimu?" Alicheka hadi machozi yakamtoka, akasema, "Andika makali, binti yangu. Makali sana." Alifariki alfajiri ya tarehe 17 Julai 2005.

Ameacha mume, mama yake mzazi, na watoto Judica, Pascal na Brightness.

Wazee wa ukoo walitaka isomwe kwamba alizaa watatu. Marehemu aliagiza vinginevyo. Alizaa wanne. Wa pili, Basili, alifariki Septemba 1984 kabla hajafikisha mwezi, na kwa karibu miaka ishirini na moja jina lake halikutamkwa nyumbani mwa Tluway. Leo limetamkwa, na mama yake analazwa kando yake.

Ee Bwana, wapumzishe wote wawili kwa amani.